Corbeille ya Mama Katungu

Siku tuliyomzika Mama Katungu, aliyesoma maisha yake mbele ya jeneza alisema marehemu alikuwa mwanamke wa kwanza wa parokia yetu ya Butembo kutumia kompyuta. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima, naye akapita kwenye mambo mengine: watoto, wajukuu, kwaya. Mimi nilikuwa nyuma, kwenye benchi la sisi tuliotoka Beni, nikabaki kwenye sentensi ile ile moja mpaka sala ikaisha. Ni kweli aliitumia. Lakini msomaji hakusema aliitumiaje, wala hakusema kwamba palikuwa na msichana mmoja aitwaye Masika, mwenye miaka kumi na tisa na kiburi cha wiki mbili za mafunzo, ambaye kwa kubonyeza mara moja alimharibia kazi ya miezi. Msichana huyo ni mimi. Leo nafundisha kompyuta hapa Beni, wanafunzi wananiita Madame, na kila mwaka nikifika kwenye somo la corbeille, kile kikapu kinachokaa pembeni ya skrini, nakohoa, natafuta chaki iliyo mkononi mwangu, nachelewa kuanza. Wanadhani ni uzee.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa, chenye meza mbili, benchi la wageni na dirisha lililotazama mikalitusi. Kilinukia karatasi ya kaboni na maharagi, kwa sababu jiko la makaa lilikaa kizingitini na tulipika humo humo. Ulikuwa mwaka wa vita, mmoja wa ile miaka ambayo wanajeshi walibadilika kabla hujazoea lugha yao. Watu walikuwa wanatoka msituni upande wa Mambasa, wanapita Mangina na Mabalako, wanafika Beni, wengine wanasukumwa mpaka kwetu, na njiani mke anampoteza mume, mama anampoteza mtoto. Kazi yetu ilikuwa kuandika majina: nani anamtafuta nani, na nani ameonekana wapi, kwenye nyumba ya nani. Kwenye kona palikuwa na phonie, redio ambayo maparokia yalisemezana nayo. Saa nane mchana sauti za mbali zilisoma majina, na Mama Katungu akayachapa papo hapo. Alikuwa dactylo wa kweli, mpiga taipu aliyefunzwa na masista, vidole kumi, macho ukutani. Mimi nilichapa kwa vidole viwili, basi akanibandika jina: Mademoiselle Mbili. Siku moja aliniambia siri ya kazi yake. Maneno yanaingia sikioni na kutokea vidoleni, hayapiti kichwani. Ukianza kuyafikiria, unakosea.

Kompyuta ya kwanza sikuiharibu mimi, ilikufa yenyewe. Ilikuwa kuukuu, skrini yake nyeusi tii, na kialama kimoja cheupe kikipepesa pembeni. Haikukuonyesha kitu mpaka uandike amri, na ukikosea herufi moja ilikataa. Mama Katungu aliipenda sana. Aliziandika amri zake kwenye kipande cha katoni, akazikariri kama katekisimu. "Hii mashini iko na eshima," alisema. "Inanyamaza mupaka uisemeshe." Ilipokufa alikaa siku mbili hataki kula na sisi, ingawa alisema ni tumbo.

Ile mpya aliileta Papa Ramadani, mwenye kamio, lori la mizigo, Mwislamu wa Beni aliyekuwa akipitisha bidhaa kutoka Kampala kwa njia ya Kasindi. Aliifunga ndani ya godoro, kati ya magunia ya chumvi, na aliibeba mwenyewe mpaka mezani, hataki mtu amsaidie. Abbé Kambale, padri wetu, akawasha jenereta, ambalo kwetu huitwa "groupe" tu. Tukasimama. Skrini ikawa buluu, ukalia muziki mfupi kama wa harusi, na likatokea neno kubwa: Bienvenue.

"Wasingya," Mama Katungu akajibu kwa Kinande, yaani asante. Hakuwa anatania. Na tangu siku ile, kila groupe ilipowaka na lile neno likatokea, alijibu hivyo hivyo, kwa sababu mtu akikukaribisha huwezi kumnyamazia.

Kisha ikaja picha: kilima kimoja kijani kibichi, anga, mawingu machache. Basi. Hakuna nyumba, hakuna ng'ombe, hakuna hata njia ya miguu. Sisi ni watu wa milima. Kutoka kwetu mpaka Lubero kilima hulimwa hadi kileleni, na kisicholimwa kina ng'ombe wa mtu. Abbé Kambale alisema ni Ulaya. Papa Ramadani alisema hapana, ni Uganda, amepapita. Mlangoni alikuwa amesimama mama mmoja aliyekuja kuandikisha jina, amevaa kitenge cha kuazima, miguu yake ina vumbi la darasani walikolazwa wakimbizi. Alikitazama kile kilima muda mrefu kuliko sisi sote.

"Benyewe balikimbia," akasema.

 Huyo alikuwa Mama Furaha, na jina alilokuja kuandikisha ni la binti yake, Furaha, miaka mitano, aliyepotea njiani kabla ya Mangina.

Papa Ramadani ndiye aliyerudisha kicheko. Abbé alipomwonyesha kwamba ili kuzima mashine unaanza kwa kubonyeza Démarrer, yaani washa, alishika kiuno. "Abbé, kwa kamio yangu, kama minataka kuzimisha motere, minazimisha. Hapa munadémarrer kwanza ndipo muzimishe? Benye kuitengeneza balikuwa nakunywa nini?" Mama Katungu hakucheka. Alikuwa ameinama, pua karibu na skrini, anasoma majina ya vile vipicha kimoja kimoja. Alifika kwenye Mes documents, yaani hati zangu, akasimama.

"Mes," akasema. "Ya nani?"

"Ya yule anatumikisha mashini," Abbé akamjibu. "Yako, Mama."

"Hizi majina ni yangu? Batoto ya batu, bamama ya batu, miye niseme ni yangu?"

"Mais Mama, ni namna ya kusema tu."

"Abbé, bezi banaanzaka na namna ya kusema."

Abbé akacheka, akaenda kuungamisha watu. Mimi nilicheka pia. Ningejua, ningeuliza pale pale: sasa utayaweka wapi? Lakini nilikuwa sina ruhusa hata ya kugusa ile panya ya kuongozea mshale. Nilipoinyoshea mkono nilipigwa kofi dogo la vidole. "Hapana kugusa, Mademoiselle Mbili. Kwanza ujifunze." Basi yeye alikaa upande wa kompyuta, mimi upande wa benchi, nikipokea watu na kuchapa barua za parokia kwa mashine ya zamani.

Miezi ile naikumbuka kwa chakula kuliko kwa tarehe. Groupe iliwaka saa nane, kwa hiyo saa saba tulikula: bundu, ugali wetu, na maharagi, mara nyingine mchicha tunaouita lenga-lenga, Ijumaa ndakala, dagaa kidogo, kama Mungu amependa. Mama Furaha alizoea kuja kutusaidia kuosha sahani, na Mama Katungu, ambaye hakujua kumwangalia mtu akiosha sahani asiyoilia, akamvuta mezani. Alisimulia kisa chake kwa maneno yale yale kila mara, kama anaogopa kuacha neno moja. Walikuwa wengi njiani, risasi zikalia nyuma, yeye alikuwa na mtoto mchanga mgongoni na mzigo kichwani. Mkono haukumtosha. Akampa Furaha kamba ya mbuzi wao, akamwambia: shika, hapana kuachilia. Watu wakasukumana kwenye mto. Alipogeuka, mtoto hakuwepo na mbuzi hakuwepo. Yule mchanga alifia Beni, kwa homa. Hilo alilisema mara moja tu.

"Ningemuambia ashike kitenge yangu," alisema. "Nilimuambia ashike mbuzi."

Mama Katungu hakuwa mtu wa maneno ya kufariji. Alimwongezea bundu.

Mwezi wa Ramadhani wino wa printa ukatuishia, na ule uliokuwa unatoka Kampala ukakwama Kasindi. Mama Katungu akaendelea kuchapa kwenye kompyuta bila kutoa karatasi, akingoja. Wakati huo huo Abbé aliona ni haki na mimi nijifunze, akanituma Beni kwa wiki mbili. Nilikaa mtaa wa Bungulu, nyumbani kwa Papa Ramadani. Mke wake, Mama Aisha, alikuwa amefunga, nyumba nzima imefunga, lakini kila siku saa sita mchana nilikuta sahani yangu ya wali imefunikwa. Siku ya kwanza nilikataa kwa aibu. "Kula, mutoto yangu," akaniambia. "Kufunga ni kwetu, njaa ni yako." Alikaa karibu nami nikila, akiniuliza habari za mashine, na mimi nikaeleza kwa mdomo uliojaa, nikijisikia mtu mkubwa.

Mwalimu wetu alikuwa kijana mwenye tai, mwenye haraka, aliyependa mifano ya nyumbani. Ordinateur, kompyuta, ni kama nyumba, alisema. Ukiamka, unafagia. Corbeille ikijaa taka, unamwaga. Mtu ambaye corbeille yake imejaa ni mtu mchafu. Niliandika hayo yote kwenye daftari langu, nikapiga mstari chini ya neno mchafu.

Nilirudi Butembo Jumatatu mchana. Mama Katungu alinikumbatia, akanitazama kama nimeongezeka kimo, akaniambia habari aliyokuwa ameshindwa kuituliza kifuani. Wiki iliyopita phonie ya Mabalako ilisoma orodha ya watoto waliookotwa bila wazazi, thelathini na sita, kila mmoja na nyumba alikolazwa. Alikuwa anachapa, macho ukutani, mara vidole vyake vikaandika Furaha, miaka mitano. "Vidole bilisimama, Masika. Tangu nianze kazi, mara ya kwanza." Lakini sauti haikungoja, naye akaendelea, na nyumba ya yule mtoto ikapita kama zilivyopita nyingine, bila kugusa kichwa chake. Si neno; imeandikwa. Mama Furaha alikuwa ameenda upande wa Luofu kuvuna viazi vya watu, amerudi asubuhi ile ile. Mama Katungu alitaka asome mwenyewe kwa macho yake, kwenye skrini, jina la mwanawe na jina la waliomfungulia mlango. Groupe ikawashwa. "Leo unifungulie mashini weye," akaniambia. "Nione kama Beni ilikusaidia. Miye nimuite mama ya mutoto." Akatoka karibu mbio, yeye ambaye hakukimbia hata mvua.

Niliketi kwenye kiti chake. Bienvenue. Kilima. Na pembeni, kile kikapu, kimejaa makaratasi mpaka juu. Niseme ukweli wa moyo wangu wa siku ile: nilimwonea haya. Nikafikiri, kumbe Mama Katungu na usafi wake wote ni mchafu hapa. Nikataka arudi akute nyumba imefagiliwa. Mashine ikaniuliza kwa Kifaransa, kwa adabu, kama nina hakika nataka kufuta vitu hivi arobaini na kimoja. Nilibonyeza Oui, ndiyo. Pakasikika mlio kama wa karatasi inayokunjwa, na kikapu kikawa cheupe, kitupu, kizuri.

Waliingia pamoja. Mama Furaha alikuwa amefunga kitambaa safi kichwani, amepaka mafuta usoni, kama anaenda kumwona mtoto mwenyewe. Mama Katungu alikaa, akashika panya, akaupeleka mshale moja kwa moja kwenye corbeille, akaifungua. Akaifunga. Akaifungua tena.

"Masika. Bitu bilikuwa humu, biko wapi?"

"Nilisafisha, Mama."

Sijui uso wangu ulikuwaje. Wake ninaukumbuka. Haukukasirika. Ulizeeka tu, pale pale, mbele yangu. Kisha akamgeukia Mama Furaha na kumwambia kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mashini inachoka leo. Tutaona kesho." Na yule mama, aliyezoea kuambiwa kesho, akaitikia, akakaa kwenye benchi na kutazama kile kilima mpaka groupe ikazimwa.

Tulipobaki wawili nilipiga magoti. Nilimuuliza kwa nini, kwa nini aliweka majina ya watu kwenye takataka. Hakunielewa. Takataka gani? Akaniambia, polepole, kama anamfundisha mtoto. Kwenye misa, corbeille inapita kati ya watu. Anayo anaweka, asiye na kitu anaweka yai au kikombe cha maharagi, na kilichowekwa humo hakiguswi na mtu, ni cha Mungu na cha wote. Alikuwa ametafuta kwenye skrini nzima mahali ambapo si pake, si pa Abbé, si pa mtu. Akaona corbeille. Akavuta orodha ya kwanza, akaiachia humo, na kikapu kikaonyesha karatasi ndani. Kilipokea. Angejuaje? Ofisi yetu haikuwa na kikapu cha taka hata kimoja. Karatasi iliandikwa mbele, ikaandikwa nyuma, kisha ikawasha makaa. Neno corbeille alilijua kanisani tu.

Leo najua kwamba kilichofutwa vile mara nyingi huweza kurudishwa, ukimwita fundi kabla hujaandika kitu kingine juu yake. Ni jambo la kwanza ninalofundisha. Siku ile hatukujua, na fundi wa kumwita hatukuwa naye. Orodha nyingine zilikuwa kwenye karatasi, au maparokia yalitusomea upya kwa phonie, lakini Mabalako haikujibu. Keshoye haikujibu. Abbé aliambiwa na mpita njia kwamba wanajeshi wameichukua redio yao. Hakunigombeza. Aliniandikia barua yenye mhuri kwa ajili ya vizuizi vya barabarani, akasema, "Uende." Mama Katungu alinipa daftari jipya. "Uandike kwa mukono," akasema. "Na safari hii ipite mu kichwa."

Papa Ramadani alinipakia asubuhi, mbele, karibu naye. Alijua yote. Tulipoukaribia mji wa Beni akasema gari lake mwenyewe aliwahi kulisahau bila breki ya mkono, likashuka kilima na kuingia kwenye mihogo ya shemeji yake. Nilicheka nikilia. Tukashika njia ya Mangina.

Huko Mabalako nilitembea siku tatu, nyumba kwa nyumba, kati ya kahawa na migomba. Kuuliza mtu jina Furaha wakati wa vita ni kujitafutia maneno. "Munaona Furaha hapa?" niliuliza mlango wa kwanza, na baba mmoja aliyekuwa akinoa panga akanitazama. "Furaha? Hapa kwetu? Dada, tangu vita ianze, haiyapita." Mkewe akamkemea, lakini alicheka na yeye. Nilimpata Furaha wa miaka kumi na miwili, nikampata Furaha wa kunyonya. Niliandika kila mtoto niliyemkuta, jina, nyumba, chochote alichokumbuka, na niliwasomea wenyeji nilichoandika ili kiingie kichwani mwangu kama nilivyoagizwa. Kati ya wale thelathini na sita niliwapata ishirini na tisa. Saba sikuwapata, wala sikujua majina yao, kwa hiyo hata kuwaombea nawaombea hivyo hivyo, saba. Wengine huenda walikuwa wamekwisha chukuliwa na ndugu zao. Huenda. Kuna siku namwona mtu mzima wa makamo yao sokoni Beni, nikajiuliza kama ni mmoja wao.

Siku ya tatu nilifika kwa wazee wawili wenye nyumba ya udongo iliyoegemezwa mti. Uani palikuwa na mtoto wa kike amekaa juu ya kinu kilicholazwa, ameshika kamba, na mwisho wa kamba palikuwa na mbuzi mweupe, mnene kuliko kila mtu niliyemwona wiki ile.

"Jina yako nani?"

"Furaha."

"Na mama yako?"

"Mama Furaha."

Hilo halikunisaidia sana. Lakini sikuwa nahitaji zaidi. Nilimuuliza bibi kwa nini hawakumla yule mbuzi, maana nyumba ilionyesha njaa bila kuuliza. Akaniangalia kama nimetukana. "Iko mbuzi ya mutoto. Alikuja nayo. Tulisema, huyu mama yake iko, anamutafuta. Mutu hapana kupatia mutoto mbuzi kama anataka kumutupa." Bibi alipomfunga mtoto kwenye mgongo wangu tayari kwa safari, alinisogelea mara tatu kurekebisha kitenge ambacho hakikuwa na kasoro. Mume wake alituchemshia mahindi manne, akasimama nyuma ya nyumba mpaka tukaondoka.

Papa Ramadani alirudi kutuchukua, na kwenye kizuizi kabla ya Beni askari alisoma barua ya Abbé juu chini. "Mwana oyo ya nani?" akauliza kwa Kilingala, mtoto huyu wa nani. Kisha akamwona mbuzi nyuma ya kamio, na sauti ikabadilika. "Ntaba pe azali na mokanda?" Mbuzi naye ana barua? Papa Ramadani akashuka, akampa sigara na mche wa sabuni, akamwambia huyu mbuzi ni yatima wa vita kama mwenzake. Askari akacheka mpaka akasahau. Mimi nilikuwa nimeshika mguu wa Furaha kwa nguvu kiasi kwamba alama ya vidole vyangu ilibaki.

Tulifika Butembo siku ya pili, mchana. Mama Furaha alikuwa anaosha sahani nje ya ofisi. Sitaeleza kilio kile. Aliyewahi kukisikia anakijua, na asiyewahi asikisikie. Ila mtoto hakulia. Alingoja mama yake atulie, akamwonyesha kamba. "Sikuiachilia," akasema.

Ndipo yule mama akaja kwangu, akanishika mikono miwili na mikono yake yenye majivu ya kuoshea, akaanza kuniombea baraka. Nyamuhanga, Mungu kwa Kinande, anipe watoto, anipe shamba, anipe uzee. Aliita kila kitu chema anachokijua. Mama Katungu alikuwa kizingitini ananitazama, na macho yake yaliniambia naweza kunyamaza, na kwamba yeye atanyamaza nami maisha yake yote. Nadhani ndiyo maana sikuweza.

"Mama Furaha," nikasema, "ile siku, mashini haikuchoka. Jina ya Furaha ilikuwa ndani. Ni miye nilifuta."

Alisimama na mikono yangu mikononi. Akamgeukia Mama Katungu. "Mulisema inachoka."

"Nilidanganya," Mama Katungu akasema. Alishuka kizingiti, akasimama kati yetu, mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi. "Alimufuta, Mama Furaha. Halafu akamutafuta. Ndiyo ile tu miko nayo ya kukuambia."

Mikono yangu ikaachiliwa. Mama Furaha hakusema amenisamehe, siku ile wala baadaye, na kwa miaka mingi kila nilipokutana naye alinisalimia vizuri na hakulitaja. Alirudi kwa mwanawe, akamwinua. Tangu tufike hakuwa amemruhusu mtu kumgusa, hata Abbé aliyetaka kumwekea mkono wa baraka. Akaja naye mpaka mbele yangu.

"Geuka," akaniambia.

Nilidhani ananifukuza. Niligeuka nikiangalia njia. Nikasikia uzito wa mtoto mgongoni mwangu, na kitenge kikipita chini ya makwapa yangu, na vidole vyake vikija mbele kufunga fundo, kwa nguvu, kisha fundo la pili.

"Umutembeze kidogo," akasema. "Iko na usingizi."

Nilimtembeza. Nilizunguka kanisa, nikazunguka tena, mpaka nikasikia kichwa chake kimekuwa kizito katikati ya mgongo wangu.